Risala ya Wamiliki Wanaojitengenezea Magari ya Kasi ya Kifahari kwa Viwanda Vilivyoyaunda

Waheshimiwa wakuu wa viwanda vya Maranello, Sant'Agata Bolognese, Woking na kwingineko. Wawakilishi wa mawakala rasmi. Waheshimiwa wabunge mnaopokea nakala:

Sisi tunaowaletea risala hii ni wamiliki wa magari ya kasi ya kifahari, wengi wetu wakaazi wa Uingereza na nchi za jirani barani Ulaya, tulioamua kuyafanyia magari yetu sevisi na matengenezo kwa mikono yetu. Sisi si watu wa kununua gari jipya kila mwaka. Walio wengi kati yetu walinunua Ferrari ya miaka ya 1990 au ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 baada ya kudunduliza kwa muda mrefu, ikiwa imekwisha kupita mikononi mwa watu watatu wanne, nao wanataka kuifikisha salama kwa mtu wa tano. Wamo miongoni mwetu wahandisi, madaktari, madereva wa malori, mafundi umeme na wastaafu. Wamo pia waliokulia Tanga na Mombasa, waliojifunza kushika spana kwenye gereji za uani kabla ya kuhamia huku. Gari likiharibika, kila mmoja wetu anataka kulifungua mwenyewe, aone kilichoharibika, na akirekebishe sawasawa.

Kabla ya malalamiko, shukrani zina haki yake. Ferrari 360 Modena ilipotoka mwaka 1999 iliwekewa kifuniko nyuma ya viti ili fundi aifikie mikanda ya taimingi akiwa ndani ya gari, injini ikibaki mahali pake. Ilipofika F430 mwaka 2004, mikanda ikaondolewa kabisa, ikatiwa cheni. Tangu 2011 Ferrari mpya zinauzwa zikiwa na sevisi za kawaida za miaka saba zilizokwisha kulipiwa, na haki hiyo inamfuata hata mnunuzi wa pili. Tunayataja mema hayo kwa moyo mweupe, na pia kwa sababu yanathibitisha jambo: mkiamua kumfikiria atakayelitunza gari baada ya kuuzwa, mnaweza.

Sasa tuwaeleze kazi yenyewe tunayoifanya, maana inasemwa sana na watu wasiowahi kuiona. Chukueni F355, iliyoundwa kati ya 1994 na 1999, zaidi ya magari 11,000. Injini yake ya lita 3.5 ina silinda nane na kila silinda ina valvu tano, jumla valvu 40, na kemshafti zinazozifungua zinazungushwa kwa mikanda ya mpira. Mkanda ukikatika, pistoni inapanda na kuzikuta valvu zikiwa wazi, valvu zinapinda, na injini nzima inakuwa ya kufumuliwa. Ndiyo maana desturi ni kuibadilisha mikanda kila baada ya miaka mitatu hivi, hata kama gari halikwenda mbali. Lakini injini hiyo imelazwa kwa urefu nyuma ya viti, na upande wa mikanda umebanwa na ukuta wa kabini. Hakuna pa kupitisha mkono. Lazima injini ishushwe.

Kuishusha ni kazi ya subira. Gari linapandishwa na kukalishwa kwenye stendi imara. Betri inafunguliwa, presha ya petroli inatolewa, maji ya kupoza na oili vinamwagwa kwenye vyombo safi. Bampa la nyuma linatoka, ekzosi inatoka, paipu za petroli na za maji zinafunguliwa, kila soketi ya waya inawekewa alama na kupigwa picha. Kompresa ya kiyoyozi inafungwa pembeni pamoja na paipu zake ili gesi isipotee. Kisha injini, giaboksi na fremu ndogo ya nyuma vinatua pamoja juu ya toroli, na bodi inanyanyuliwa taratibu kutoka juu yake.

Hapo ndipo inapoonekana tofauti kati ya anayelipwa kwa saa na mwenye mali. Fundi wa wakala, hata awe hodari kiasi gani, anafanya kazi mbele ya saa ya ukutani na ankara inayopanda. Mwenye gari, injini ikiwa imesimama mbele yake, hana anayemkimbiza. Anakagua paipu za petroli zilizokakamaa kwa joto, ambazo zikivuja juu ya ekzosi zinaweza kuliteketeza gari. Anabadilisha sili za kemshafti, anaiangalia wota pampu, anasafisha soketi zilizoota kutu ya kijani. Anazichunguza manifoldi za ekzosi, ambazo kwenye F355 zinajulikana kwa kupasuka ndani ya ganda lake, mahali jicho halifiki upesi. Haridhiki na alama zilizochorwa kwenye kemshafti. Anaweka saa ya kupimia juu ya valvu na duara la nyuzi kwenye krenkshafti, anahakikisha kila kemshafti inafungua pale hasa ilipopangiwa. Vipimo hivyo peke yake vinaweza kula siku nzima. Kwenye gereji ya kulipia, siku hiyo ni ya kwanza kukatwa mteja akilalamikia bei. Kwetu haikatwi.

Kwa hiyo inatuumiza tunapoitwa wabahili, au tunapoambiwa kwamba sisi ni hatari barabarani. Hapa Uingereza gari likishatimiza miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka katika kituo kilichoidhinishwa, na mkaguzi haulizi nani alibadilisha breki, anazipima. Magari yetu yanapita kwenye mizani hiyo hiyo. Wala hatusemi kila mtu ajitengenezee. Asiyeijua kazi ya breki asiguse breki, na kati yetu huwa tunaambiana hivyo bila kuoneana haya. Tunachokataa ni kuzuiwa kwa anayejua.

Tena elimu ya magari haya haikai kiwandani peke yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mfano ni giaboksi za F1 za 360 na F430, zile zinazobadilisha gia kwa vibao nyuma ya usukani. Gia na klachi zinasukumwa na pampu ya umeme inayojenga presha ya mafuta, na pampu hiyo inawashwa na relei ndogo. Relei ikizeeka, inanata ikiwa imewasha. Pampu inazunguka bila kupumzika mpaka inaungua. Pampu ni ya maelfu ya pauni. Relei ni ya bei ya chakula cha mchana. Wamiliki ndio waliolitambua tatizo hilo na kuambizana: badilisha relei mapema, na ukiisikia pampu inaunguruma mfululizo baada ya kuzima injini, chomoa relei hapo hapo. Ni pampu ngapi zimeokolewa kwa maneno hayo, nasi tumewekewa mlango uliofungwa kana kwamba hatuna la kuchangia!

Tuje kwenye malalamiko yenyewe.

Linalotukera kuliko yote ni kufungiwa kompyuta za magari yetu. Kubadilisha klachi ya 360 yenye giaboksi ya F1 ni kazi ya spana na mgongo, tunaimudu. Lakini ukishaifunga, kontroo boksi ya giaboksi lazima ifundishwe upya mahali klachi mpya inapoanza kushika. Isipofundishwa, gari linaondoka kwa kushtuka au klachi inateleza na kuungua kabla haijazoea. Hakuna namna ya kuifundisha kwa spana. Inahitajika mashine ya kiwanda, na mashine hiyo haiuziwi mwenye gari. Hata kujua klachi yako imelika kwa asilimia ngapi, habari iliyomo ndani ya gari ulilolilipia, unaambiwa ulilete, ulaze, ulipie. Mwenzetu mmoja alifunga klachi mpya kwa usahihi kabisa, akaomba wakala mmoja amfanyie hatua hiyo moja ya kompyuta kwa malipo. Akajibiwa kwamba gari litapokelewa tu akikubali klachi ifunguliwe na kufungwa upya na mafundi wao. Ilimbidi alipakie kwenye lori hadi kwa fundi wa kujitegemea katika mji mwingine, aliyejinunulia mashine iliyoundwa na watu baki baada ya kuichambua lugha ya kompyuta hizo. Tunawashukuru watu hao. Lakini kwa nini iwe lazima watu baki wavunje kufuli ili mwenye mali aingie kwake?

Na kufuli hiyo haiwalindi ninyi pia. McLaren waliunda F1 yao katika miaka ya 1990, magari 106 tu, na kuongea na kompyuta yake kukahitaji kadi maalumu iliyofanya kazi kwenye kompyuta ya mkononi ya Compaq LTE 5280. Zaidi ya miaka 20 baadaye mafundi wa kiwanda wenyewe walikuwa bado wanazitegemea kompyuta hizo kuukuu, mojawapo la magari yenye thamani kubwa kuliko yote duniani likining'inia kwenye kifaa ambacho hakuna duka linalokiuza. Elimu ikifungwa ndani ya mashine moja, mashine ikifa inakufa nayo. Ingewekwa wazi, mikono mingi ingeihifadhi.

Sheria zipo, lakini zinatuacha nje ya mlango. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 715 ya mwaka 2007, na baadaye kanuni namba 858 ya 2018, zinawataka watengenezaji wawape mafundi wa kujitegemea habari za matengenezo. Tarehe 5 Oktoba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri lililoletwa na Carglass na A.T.U. dhidi ya FCA Italy, iliamua kwamba mtengenezaji hawezi kuweka masharti yake ya ziada, kama kujisajili na kuunganishwa na seva yake kwa intaneti, ili fundi afikie habari za kompyuta ya gari kupitia soketi yake. Ni ushindi, nasi tuliufurahia. Hata hivyo anayetajwa humo ni mtu wa biashara ya matengenezo. Mwenye gari aliyevaa ovaroli gerejini kwake hana jina. Linganisheni na Massachusetts, Marekani: sheria iliyopitishwa huko mwaka 2012 inamtaja mwenye gari waziwazi, kwamba auziwe habari zile zile za uchunguzi na matengenezo anazopata wakala. Wapiga kura wa jimbo hilo wakarudi mwaka 2020 na, kwa karibu robo tatu ya kura, wakaipanua haki hiyo hadi kwenye taarifa ambazo gari linazituma hewani. Serikali ya Marekani nayo, kwa uamuzi wa mwaka 2015, imeruhusu mwenye gari kuivuka kufuli ya programu ya gari lake kwa ajili ya kulitengeneza, bila kuhesabiwa kuwa amevunja hakimiliki. Kinachowezekana Boston kinawezekana Bologna.

Kuhusu vipuri, jambo ni fupi lakini linachoma. Kuna vitu mnaviuza vikiwa vizima tu, wakati kilichokufa ndani yake ni kidogo. Giaboksi za klachi mbili zilizoanza na Ferrari California mwaka 2008 na 458 Italia mwaka uliofuata zilijulikana kwa sensa zake kufa. Kwa miaka mingi mteja aliyefika kwa wakala na sensa mbovu aliambiwa abadilishe giaboksi nzima, kwa sababu vipuri vya ndani havikuwa vikiuzwa. Mafundi wa nje ndio walioifungua, wakatengeneza sensa mbadala, wakaonyesha kwamba chuma chote kilichobaki kilikuwa kizima. Giaboksi kutupwa kwa ajili ya waya na sumaku ni hasara kwa mwenye gari na ni dhambi kwa kazi ya waliochonga gia zile. Wapo pia mawakala wanaokataa kumuuzia mtu binafsi beringi ya kukazia mkanda mpaka aseme ni gereji gani itakayoifunga. Huyo mtu atafanya nini? Atanunua beringi isiyo na asili, na hatari mnayodai kuizuia mtakuwa mmeizaa wenyewe.

Lalamiko letu jingine ni la muhuri. Gari lililofanyiwa sevisi na mwenyewe kwa uangalifu tuliokwisha kuueleza, likiwa na risiti, picha na vipimo, linahesabiwa sokoni kuwa halina historia, na bei yake inaporomoka. Lililopigwa muhuri wa wakala linapokelewa bila mtu kuinama kuangalia chini yake. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, nasi daftari tunalo, lenye kurasa nyingi kuliko kitabu chochote cha sevisi kinachotoka kiwandani. Hatusomwi. Mazoea haya mmeyalea ninyi, kwa kuwafundisha wanunuzi kwamba muhuri ndio ushahidi pekee. Na bado mnajua njia nyingine: idara yenu ya Ferrari Classiche inapotoa hati ya uhalisi kwa gari la zamani, inalichunguza gari lenyewe, chasi, injini na giaboksi. Kama gari linaweza kuhukumiwa kwa kuangaliwa, basi hata matengenezo yake yanaweza.

Mtu asifikiri haya ni malalamiko ya watu wenye vitu vya anasa yasiyomhusu mwingine. Shauri la FCA Italy lilihusu magari ya watu wa kawaida, kwani kufuli ya kompyuta haibagui bei ya gari. Gari linalofungwa leo Ulaya au Japani, baada ya miaka kadhaa linateremshwa bandarini Mombasa au Dar es Salaam likiwa na kufuli yake. Atakayehangaika nalo ni fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, mwenye mashine ndogo ya kupimia na wateja wanaosubiri juani, na mara nyingi hana wakala rasmi wa kumkimbilia. Wale wetu wenye ndugu katika kazi hiyo wanalijua hilo vizuri. Tukishinda hapa kwa gari moja la Maranello, mlango umefunguka kwa wengi.

Kwa hiyo tunadai yafuatayo, na tunayadai tukiwa wateja wenu na walinzi wa jina lenu.

Mwenye gari atambuliwe kwa jina lake katika masharti yenu na katika sheria za Ulaya na Uingereza, kwamba ana haki ya kununua, kwa bei ya haki na bila kuonyesha leseni ya gereji, vitabu vyote vya matengenezo, michoro ya waya, vipimo vya kukazia na taarifa za kiufundi mnazowatumia mawakala kila kasoro mpya inapogunduliwa. Hizo taarifa za mwisho ndizo tunazozihitaji kuliko zote, maana ndimo yanamoelezwa yale ambayo kitabu cha mwanzo hakikuyajua.

Programu za kuchunguza na kuifundisha kompyuta ya gari ziuzwe au zikodishwe kwa siku kwa mwenye gari, zifanye kazi kwenye kompyuta ya kawaida kwa kiunganishi cha kawaida. Tunaelewa kwamba funguo na kinga ya wizi vinahitaji ulinzi. Thibitisheni umiliki wetu kwa hati ya gari, mtupe. Lakini kusoma klachi, kutoa hewa kwenye breki za ABS na kuzima taa ya sevisi si siri za kumlinda mtu na mwizi. Na gari linapotimiza miaka 20, programu zake ziwekwe wazi kwa yeyote azihifadhi, lisije likapatwa na yaliyoipata F1 ya McLaren.

Vipuri vya ndani viuzwe kimoja kimoja, hasa sensa, sili, beringi na relei, na mawakala wakome kumuuliza mnunuzi atavifunga wapi. Kwa magari ambayo hamtaki tena kuyatengenezea vipuri, toeni michoro ili wengine wavitengeneze.

Kumbukumbu za mwenye gari zikubaliwe. Wekeni utaratibu ambao wakala, kwa ada inayojulikana, atalikagua gari lililotengenezwa nyumbani, atasoma daftari na picha, na akiridhika ataandika kwenye rekodi ya kiwanda kwamba kazi imekaguliwa. Akikuta kasoro, aiandike vilevile. Hukumu ya namna hiyo hatuiogopi.

Dhamana isitumiwe kama fimbo. Marekani tangu 1975 sheria ya Magnuson-Moss inakataza kumfunga mteja kwa vipuri au gereji ya kampuni ili dhamana yake iendelee, na kanuni za ushindani za Ulaya zinakataza kumlazimisha mteja atumie mawakala tu. Waambieni mawakala wenu hivyo kwa maandishi, kwa sababu kaunta zao bado zinasema vingine.

Na wahandisi wenu wanaochora magari mapya, tunawaomba wakumbuke kile kifuniko cha 360.

Sisi kwa upande wetu tunaahidi kutunza daftari kwa kila kazi, kupeleka oili chafu na maji ya kupoza kwenye vituo vya kukusanyia, kutogusa mfumo wa umeme mkubwa wa magari yenye betri za kuendeshea bila mafunzo yake, na kuwaletea bila malipo kila kasoro tunayoigundua pamoja na vipimo vyake. Tunaomba jibu la maandishi kwa kila dai. Na iwapo mhandisi wenu yeyote anataka kuiona kazi yetu kabla ya kujibu, aje siku injini ya F355 ikiwa chini kwenye toroli. Tutampa ovaroli, taa, na daftari la gari hilo tangu siku tulipolipokea.